Mpwa wa afisa amepewa kazi: nianzie wapi?

SWALI: Nilihojiwa kwa kazi ya karani wa ushuru katika kaunti yetu. Kazi ikaenda kwa mpwa wa mmoja wa waliotuhoji. Je, sheria inaruhusu? Nifanye nini?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Undugu peke yake hauvunji sheria. Mpwa wa afisa naye ni Mkenya na ana haki ya kuomba kazi. Kosa ni la mjomba, ikiwa aliketi kwenye jopo bila kutangaza uhusiano wao na kujiondoa. Kwa hivyo usijichoshe kuthibitisha ukoo. Fuata karatasi.

Karatasi muhimu kuliko zote ni fomu za alama, ambazo kila mjumbe wa jopo hujaza kivyake. Wajumbe watatu wakimpa mtu hamsini na kitu, halafu mmoja akampa 95, hapo pana jambo la kuulizwa. Mwandikie katibu wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, utaje Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, uombe alama zako, za aliyefaulu, na kumbukumbu za kikao cha uteuzi. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, Tume ya Haki za Kiutawala hupokea malalamiko. Uamuzi wenyewe unakatiwa rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Uliza pia kama nafasi ilitangazwa. Wengi huingilia mlango wa vibarua: kandarasi ya miezi mitatu, inaongezwa, inaongezwa tena, mwishowe wanaajiriwa kabisa bila kushindana na yeyote. Kanuni za fedha za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimepita hapo. Kinachopunguzwa ni dawa za zahanati.

Kinachoniuma zaidi ni yanayofuata ofisini. Pesa za soko zisipofika benki na stakabadhi zisilingane, msimamizi gani atamwandikia barua ya onyo mpwa wa mkubwa wake? Anayethubutu huhamishwa wadi ya mbali. Makarani wengine wanaona, nao wanalegea.

Ukipeleka barua yako, dai nakala iliyogongwa muhuri wenye tarehe. Bila hiyo, bodi inaweza kusema haikuipokea.