Kioo kipi kwa kazi ya kutwa? Majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali ya safari hii yote ni ya monita, na karibu yote yana mzizi mmoja. Boksi limeandikwa LED, muuzaji anasema LED, na mnunuzi anaondoka akiamini ameshachagua aina ya kioo. LED ni taa tu, zimekaa nyuma ya kioo. Kioo chenyewe ndicho kinachoitwa IPS, VA au TN, na hicho ndicho macho yako yataishi nacho.

Ni mhasibu kwenye kiwanda cha mbao hapa Mafinga. Bosi ameniambia nichague monita ya inchi 24. Dukani kuna TN ya bei ya chini na IPS iliyozidi kidogo. Kutwa niko kwenye Excel, na jioni macho yanauma. Kuna haja ya kuongeza hela?
*Dada wa hesabu, Mafinga*

Ipo, dada, na mwambie bosi bila kusita. Ndani ya kioo kuna vichembe vinavyogeuka ili kupitisha mwanga au kuuzuia. Kwenye TN vinainuka kumwelekea mtazamaji, kwa hiyo ukibadilisha kidogo tu mahali pa kichwa chako, mwanga unaokufikia nao unabadilika. Kwenye IPS vinazunguka vikiwa vimelala sambamba na kioo, na picha inabaki ileile hata ukiitazama kutoka pembeni.

Kwa kazi yako hilo si jambo dogo. Chukua jedwali la wadaiwa ambalo safu zake umezipaka njano hafifu. Kwenye TN, ukiwa umekaa palepale, njano ya juu ya kioo na ya chini hazifanani. Ukiegemea kiti, mistari ya kijivu inayotenganisha visanduku inafifia upande mmoja. Unajikuta unainama na kunyoosha shingo kutwa nzima kutafuta mahali pa kusomea. Ofisa mwenzako akija kusimama pembeni kukagua tarakimu, naye anaona kitu kingine.

Ila IPS peke yake haitatibu macho. Monita nyingine hupunguza mwangaza kwa kuwasha na kuzima taa za nyuma haraka sana, na wapo watu wanaochoshwa na kupepesa huko. Shusha mwangaza hadi kama robo, kisha itazame kupitia kamera ya simu: mistari myeusi inayotembea juu ya kioo ni dalili. Pia usishawishike kuchukua inchi 27 yenye pikseli (nukta zinazounda picha) 1920 kwa 1080. Pikseli zilezile zikitandazwa kwenye kioo kikubwa, herufi zinakuwa na kingo mbaya: inchi 24 ina kama pikseli 92 kwa kila inchi, inchi 27 inashuka hadi 82. Ukitaka 27, tafuta yenye 2560 kwa 1440. Na makali ya juu ya kioo yawe usawa wa macho au chini yake kidogo. Kwa mtu wa Excel, stendi inayopanda na kushuka ina faida kuliko Hz 144 (picha kubadilishwa mara 144 kwa sekunde) wanazozipigia debe.

Nina steshenari Mwanjelwa, natengeneza kadi za harusi na mabango. Kwenye kioo rangi inapendeza, kwenye karatasi inatoka imepooza. Fundi ananishauri ninunue VA kwa sababu nyeusi yake ni nyeusi kweli.
*Mama Steshenari, Mbeya*

Fundi hajakudanganya kuhusu nyeusi. VA ya kawaida hufikia kontrasti (tofauti ya mwanga kati ya nyeupe na nyeusi) ya 3000:1, wakati IPS ya kawaida iko karibu na 1000:1. Zipo IPS za kisasa zilizoanza kutoka 2022, zinaitwa IPS Black, ambazo zilianza na kama 2000:1, lakini bei yake ni ya juu.

Tatizo lako halipo kwenye nyeusi. Unahitaji rangi uliyoweka kona ya kushoto ifanane na ileile uliyoweka kona ya kulia. VA ina kasoro hapo: rangi nzito huonekana tofauti katikati na pembeni, kwa sababu pembeni unapatazama kwa mshazari. Mtu anayetazama mpira jioni hajali. Anayepanga rangi ya kadi atajali.

Nunua IPS, lakini soma karatasi ya sifa zake, maana zipo IPS zenye rangi duni. Ukiona 45% NTSC (kipimo cha wingi wa rangi ambazo kioo kinaweza kuonyesha), iache, hasa kwenye kompyuta mpakato. Unayoitaka inatangaza karibu 100% ya sRGB, kipimo kingine cha rangi, au 72% NTSC, ambazo zinakaribiana.

Halafu kuna jambo ambalo hata monita ghali haitakufanyia. Monita nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zinawaka kupita kiasi, na karatasi haiwaki. Shika karatasi nyeupe unayochapia pembeni ya kioo, mchana, mahali unapofanyia kazi. Punguza mwangaza mpaka weupe wa ukurasa mtupu ulingane na weupe wa karatasi. Wengi wataona kioo kimekuwa hafifu. Kivumilie siku chache, utaanza kuona kwenye kioo kile kitakachotoka kwenye printa.

Na zipo rangi ambazo wino hauzifikii kabisa. Bluu kali ya kioo mara nyingi hutua kwenye karatasi ikiwa na uzambarau. Familia iliyokwisha kushona sare za bluu kwa ajili ya send-off haitakuelewa ukiwapelekea kadi mia mbili za zambarau. Chapa moja, mteja aione kwa macho yake, ndipo uendelee.

Nasoma chuo Iringa. Nimeona monita iliyotumika, haina boksi. Nitajuaje ni aina gani?
*Mwanafunzi, Iringa*

Geuza nyuma, piga picha karatasi iliyobandikwa, utafute namba ya modeli kwenye simu. Angalia pembe za kutazamia. Zikiwa 170/160, hiyo ni TN. Zikiwa 178/178, ni IPS au VA, na hapo kontrasti itakuamulia: kwa kawaida 1000:1 ni IPS, 3000:1 ni VA.

Ukikosa mtandao, tumia macho. Fungua picha ya uso wa mtu ijae kioo, kisha chuchumaa uitazame kutoka chini. Kwenye TN uso utakuwa mweusi na rangi zitageuka vibaya, huwezi kukosea. Simama pembeni: VA inapauka kama imemwagiwa maziwa, IPS inatulia. Sasa weka ukurasa mweusi mtupu na uzibe mwanga. IPS huonyesha ung'avu kwenye kona. Ukihamisha kichwa nao ukahama, ndiyo tabia yake. Usipohama, ni mwanga wa taa unaovuja kwenye kingo, na hapo pana sababu ya kuomba upunguziwe bei.

Pitisha pia ukurasa mweupe, mwekundu, kijani na bluu ukitafuta pikseli zilizokufa. Soma mwaka wa kutengenezwa. Monita za zamani zinatumia mirija myembamba ya taa nyuma ya kioo badala ya LED, na mirija ikichoka weupe unageuka njano, halafu inachukua dakika kadhaa kukolea. Hizo usichukue hata kwa bei ya kutupa. Herufi zikiwa na ukungu kwenye waya wa VGA, bonyeza kitufe cha Auto kabla ya kulaumu kioo. Iache iwake nusu saa ukiwa hapohapo dukani. Muuzaji akikataa, mwachie monita yake.

Naandika programu, zaidi usiku, maandishi meupe juu ya nyeusi. OLED inanifaa?
*Kijana wa Uyole*

Kwa macho ungeipenda: kila pikseli inawaka yenyewe, nyeusi inazimika kabisa. Kwa kazi ya saa nane kila siku sikushauri. Upau wa chini wa Windows na fremu za programu yako zinakaa palepale mwezi baada ya mwezi, na pikseli za OLED huchakaa kwa kadiri zinavyowaka, mwisho vivuli vya vitu hivyo vinabaki. Tena mpangilio wa vijirangi (nyekundu, kijani na bluu ndani ya kila pikseli) vya monita nyingi za OLED si ule ambao Windows huutarajia inaponoa herufi, kwa hiyo herufi ndogo zinapata ukingo wa rangi.

VA inakuvutia kwa giza lake, lakini ijaribu kwanza: fungua programu unayoiandika, teremsha ukurasa haraka. Kwenye VA nyingi maandishi yanayopita juu ya nyeusi huburuta kivuli nyuma yake. Kama hukioni au hakikusumbui, ichukue. Kikikusumbua, chukua IPS na uwashe taa ndogo nyuma ya monita, giza la chumba lipungue.

Shule yetu Tukuyu inatumia sola umeme ukikatika. Aina ya kioo inaongeza matumizi?
*Mwalimu*

Shikamoo, Mwalimu. Kati ya IPS, VA na TN tofauti ni ndogo mno. Ukubwa na mwangaza ndivyo vinavyokula: inchi 24 ya LED kwa kawaida iko kwenye wati 15 hadi 25, na ukiushusha mwangaza unaokoa papo hapo. Monita za mirija wapeni mafundi wajifunzie.

Kamwene! Asubuhi za Juni ofisini kwetu Njombe monita inaanza kwa kuvuta picha. Inakufa?
*Karani, Njombe*

Kamwene. Haifi. Majimaji ya ndani ya kioo huwa mazito kwenye baridi, vichembe vinageuka polepole. Ikishapata joto lake inakaa sawa. Watengenezaji wengi huruhusu nyuzi 0 hadi 40. Cha kuogopa ni unyevu: monita iliyosafiri usiku kwenye gari, ukiiingiza chumba chenye joto, isubiri saa moja au mbili kabla ya kuichomeka. Na jiko la mkaa mnaloota, lisogezeni mbali na meza, dirisha liwe wazi wakati wote linapowaka, maana moshi wake usioonekana unaua watu.