Sabato Yangu Kando ya Ndiva

Kwa miaka mingi Sabato ndiyo siku iliyonichosha kuliko zote. Asubuhi darasa la watoto, baada ya ibada kuu kikao, mchana mazoezi ya kwaya, jioni kikao kingine. Duka langu pale Makanya, kando ya barabara kuu ya kwenda Arusha, nilikuwa nalifunga tangu Ijumaa kabla jua halijazama. Lakini simu ya uwakala wa pesa ilibaki mfukoni, na kila ilipotetemeka moyo ulirudi dukani. Jumapili nikiamka kichwa kinagonga.

Siku moja nilikwenda kupima presha. Muuguzi akaniuliza, "Dada, unapumzika lini?" Nikajibu haraka: Jumamosi, mimi ni Msabato. Akaniuliza tena, kwa upole tu, "Jumamosi unafanya nini?" Nilipoanza kumhesabia, nikaishia katikati.

Nilirudi nyumbani nikimfikiria bibi yangu. Wamisionari wa Kiadventista walifika Upare mwaka 1903, kwa hiyo ukoo wetu umeishika siku hii kwa vizazi kadhaa. Bibi hakuijua Ijumaa kwa jina jingine: kwake ilikuwa Maandalio. Kuni, maji, nguo, vyote vilikwisha mapema, na makande yalichemka tangu mchana ili Jumamosi jungu lipashwe moto tu. Kesho yake tukishatoka kanisani na kula, alitushika mkono sisi wajukuu akatupandisha mlimani hadi kwenye ndiva. Hakutuhubiria kitu. Alikaa, nasi tukakaa.

Kwa usiyeijua, ndiva ni bwawa dogo ambalo wazee wetu walilijenga mlimani ili kukinga maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi huzibuliwa, maji yakashuka kwa mfereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Tope likizidi, kijiji kinaitwa kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, watu wanakuja na majembe kulizoa. Hii yetu ina mkuyu mkubwa upande wa juu, mizizi yake imeshuka mpaka majini. Ukiketi pale unaitazama nyika yote ya magharibi, upande wa Simanjiro, na upepo wa mlimani unakupiga mgongoni.

Nilianza kurudi pale miaka sita iliyopita, na yako mambo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Kwanza, Sabato ya kupumzika hutengenezwa Ijumaa. Usipopika, usipofua, usipolipa deni la mtu anayekusubiri, utapanda navyo mlimani. Hata ile mana jangwani watu waliambiwa waokote maradufu siku ya sita. Mimi ilinibidi pia niwaambie wateja wangu, mmoja mmoja, kwamba kuanzia Ijumaa jioni simu ya uwakala haipatikani mpaka Jumamosi usiku. Niliwapoteza wachache na iliniuma, maana Jumamosi ni siku ya mauzo. Waliobaki sasa wananikumbusha wao: "Mama, wahi, jua linazama."

Pili, chagua mahali pa karibu, kisha urudi hapo hapo. Watu wengi wakisikia mapumziko wanawaza kusafiri, nauli, kiingilio, picha. Hiyo ni matembezi, na ina wakati wake. Mimi natembea saa moja kwa mguu, polepole. Kama wewe uko Dar es Salaam, mwembe mmoja kwenye uwanja tulivu au kipande cha ufukwe asubuhi na mapema vinatosha. Paulo na wenzake kule Filipi, siku ya Sabato, walitoka nje ya lango la mji wakaenda kando ya mto, wakaketi. Sipachoki pale kwangu, kwa sababu kila mara nakuta kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwepo: viluwiluwi vimeota miguu, kuyu zimeiva zinaangukia majini, kima wamehamia mti wa ng'ambo.

Uliza kwanza mahali pana mwenyewe nani. Huku Upare kuna misitu ya jadi ya koo, tunaiita mpungi, na haifai kuingia kwa sababu tu kivuli chake kimekuvutia. Kwenye ndiva nako, usifue, usioge, usiguse kizibo. Watu wanasubiri maji yale.

Sasa hili nataka nilikazie. Sabato za mwanzo hutasikia amani. Mimi nilikaa chini ya mkuyu nikahesabu mzigo wa sukari kichwani, nikakumbuka nani hajanilipa, nikashika mfuko kutafuta simu niliyoiacha nyumbani. Nusu saa nzima niliona napoteza muda. Kisha nikalala. Nililala kwenye majani kama mtoto, nikaamka nimeona aibu, nikadhani nimemkosea Mungu kwa kusinzia badala ya kusoma Neno. Baadaye nikasoma upya habari za Eliya katika 1 Wafalme 19. Amechoka hadi anaomba kufa, analala chini ya mti wa mretemu. Malaika hamkemei. Anampa mkate na maji, na Eliya analala tena. Basi kama wewe ni mama wa familia na unauguza mtu, au ni mzee wa kanisa unayeamshwa usiku kwa ajili ya misiba, usiogope kulala Sabato tatu za kwanza. Biblia yako itakusubiri hapo pembeni.

Kuhusu majukumu ya kanisani, sikuyatupa. Niliacha kwaya, nikabaki na watoto, na nikaomba vikao vihamishiwe Jumapili. Wapo walionuna. Nawapenda, lakini naamini kabisa kwamba baraza linalokaa hadi magharibi Jumamosi limewanyima watu wake zawadi waliyopewa.

Mama yangu hawezi kupanda tena, magoti yamekataa. Siku hizi napanda mapema na kuteremka saa kumi na moja ili nimkute uani, nikiwa na chupa ya maji ya kijito kwa sababu anasema ya bomba hayana ladha. Nageuza kiti chake kielekee magharibi. Ananiuliza kama ndiva imejaa, kama mkuyu umezaa, na namjibu kwa kirefu, maana anataka kila kitu. Jua likigusa nyika tunaimba ubeti mmoja, tunafunga Sabato kwa sala, na yeye hubaki amekaa kidogo mpaka nyota zitoke.