Kusahau ukiwa na miaka 49

Dada, umesema una miaka 49, hedhi inaruka miezi, usingizi umekatika, na juzi ulisimama jikoni na mwiko mkononi hujui ulifuata nini. Unaogopa ugonjwa wa kusahau wa marehemu bibi umekufika.

Kwa umri wako sidhani. Estrojeni, homoni ya kike, haiishii kwenye kizazi. Ubongo nao unaitumia, hasa sehemu za kumbukumbu. Ikipanda na kushuka ovyo kuelekea kukoma hedhi, majina ya watu yanagoma kutoka mdomoni. Kwa wengi hali hiyo hupungua baadaye. Halafu mtu anayeamka usiku mara tatu kaloa jasho atakumbuka nini? Mimi nimewahi kutafuta miwani nimeivaa.

Vidonge vya homoni alivyokutajia jirani usijinunulie. Vinatuliza joto la ghafla mwilini, ila si kinga ya usahaulifu: utafiti wa Marekani wa 2003 ulikuta wanawake wa miaka 65 na zaidi waliopewa estrojeni pamoja na projestini (homoni nyingine ya kike, ya kutengenezwa) walipata ugonjwa wa kusahau takriban mara mbili ya wasiopewa. Wewe hujafika umri huo, kwa hiyo daktari ndiye wa kupima faida na hasara. Kapime presha, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingoni. Ila ukianza kupotea njia ya kwako mwenyewe, usingoje.