Kabla Hujakipenda Kitabu, Hesabu Miezi

Nilifanya kazi miaka sita Marekani kwenye shirika dogo la uchapishaji lisilo la faida. Tulikuwa watatu na nusu. Ile nusu ni mtunza hesabu aliyekuja Alhamisi tu. Tulitoa vitabu sita kwa mwaka, vyote vimefasiriwa kutoka Kihispania au Kireno kwenda Kiingereza. Nilipoingia nilidhani ugumu utakuwa kuchagua. Kumbe kuchagua ni raha tupu. Kinachoua ni kalenda.

Siku ya kusaini mkataba unamlipa mwenye haki za kitabu malipo ya awali. Mfasiri unampa nusu akianza, nusu akikabidhi. Kisha mhariri, msanifu wa jalada, mpigachapa. Sisi ilituchukua mwaka na nusu mpaka kitabu kifike dukani, na hapo mambo yameenda vizuri. Pesa za mauzo nazo hupitia kwa msambazaji, zikakaa miezi kadhaa, na zinapofika fungu lake na la duka limeshatoka. Muda wote huo wewe unatoa tu.

Utaambiwa ruzuku zipo, na ni kweli. Hispania wana Acción Cultural Española, Argentina wana Programa Sur, Brazil hupitishia msaada wao Maktaba ya Taifa iliyoko Rio. Lakini soma masharti mpaka mstari wa mwisho, hasa unaosema pesa zinalipwa lini. Mwaka wangu wa kwanza sikuusoma. Ruzuku ile ilikuwa ya kulipwa kitabu kikishachapwa na nakala zikishatumwa, mimi nikaihesabu kama iliyo mkononi, nikamwahidi mfasiri tarehe. Tarehe ikafika, akaunti nyeupe. Nilimpigia simu kumwomba anivumilie mwezi mmoja. Alinivumilia, tena bila neno baya, ila kitabu chake kilichofuata alikipeleka kwingine. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo pesa ya mfasiri tuliiweka kwenye akaunti ya peke yake siku ile ile ya kusaini. Mwaka mmoja jambo hilo lilitufanya tutoe vitabu vinne badala ya sita, na bodi ikanuna. Waache wanune. (Jina la mfasiri nalo liwe jaladani. Mwaka 2021 mfasiri Jennifer Croft na mwandishi Mark Haddon walitoa barua ya wazi kudai hilo, na mpaka leo wapo wanaolificha ndani.)

Jingine: oda ya duka si mauzo. Marekani duka lina haki ya kurudisha nakala zisizouzika. Tulipata oda 2,200, tukafurahi, tukachapa 3,000. Baada ya nusu mwaka nakala 900 zilirudi ghalani, nyingine pembe zimekunjika, na ghala likatutoza ada ya kuzipokea. Mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, tulikuwa tunaandika furaha.

Kilichotusaidia tulikiiga kwa wachapishaji And Other Stories wa Uingereza: wasomaji wanalipia vitabu mapema, na majina yao yanachapwa mwishoni mwa kitabu. Tulipata wanachama 140. Ni wachache, lakini pesa yao hutangulia kitabu, na kwenye kazi hii karibu hakuna pesa nyingine yenye tabia hiyo.

Halafu kuna wanaosubiri tuzo. Mwandishi José Eduardo Agualusa wa Angola alishinda International Dublin Literary Award mwaka 2017, euro 100,000: 75,000 zake, 25,000 za mfasiri wake, Daniel Hahn. Agualusa alisema angependa kujenga maktaba Kisiwa cha Msumbiji, jambo lililonigusa mimi mtu wa pwani hii hii ya majahazi. Kwa Marekani, kitabu kile kilichoshinda kilitolewa na Archipelago wa Brooklyn, shirika lisilo la faida kama letu. Hesabu tena zile euro uone fungu la mchapishaji liko wapi.

Mchapishaji anachopata ni oda. Kitabu chetu kimoja kilipoingia orodha fupi ya tuzo, maduka yalitaka nakala 1,500 ndani ya wiki mbili, na mpigachapa akataka nusu ya pesa yake kabla hajawasha mashine. Akaunti ya mfasiri sikuigusa. Nililipa kwa pesa za wale 140.