Barua kwa mwanangu: umeitwa kuwaandikia watoto

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi hapa Temeke hatujambo, ila goti la baba yako bado linamsumbua.

Umeniuliza: mchapishaji anataka umwandikie kitabu cha watoto, nawe miaka yote umeandika hadithi za watu wazima. Je, ukikubali, wenzako hawatasema umeshuka? Nimelala na swali hilo siku mbili, kwa sababu mimi nimefundisha darasa la tatu miaka 26.

Mfikirie Roald Dahl, yule Mwingereza mwandishi wa vitabu vya watoto. Alizaliwa Cardiff mwaka 1916, wazazi wake ni watu wa Norwei. Mwaka 1938 kampuni ya Shell ilimleta hapa hapa Dar es Salaam, kijana asiyejulikana, akajifunza Kiswahili. Vita Kuu ya Pili ilipozuka akaendesha gari hadi Nairobi, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza. Septemba 1940 ndege yake ikaanguka jangwani, fuvu likapasuka, akakaa majuma kadhaa haoni.

Uandishi ulimjia bila kuupanga. Mwaka 1942 alikuwa Washington, Marekani, katika ubalozi wa Uingereza, na mwandishi C. S. Forester akamwalika chakula cha mchana ili amsimulie mambo ya vita, ayaandike yeye Forester. Dahl akaona heri amwandikie vidokezo. Alivyovipeleka vikawa hadithi nzima, gazeti likaichapa mwaka uleule.

Tangu hapo, kwa karibu miaka 20, msomaji wake kwa kawaida alikuwa mtu mzima. Unaikumbuka ile ya mwanamke aliyemuua mumewe kwa paja la kondoo lililoganda, halafu akaliweka jikoni likaiva, na polisi wanaotafuta silaha wakalila lote? Ndiye huyo. Ndipo mwaka 1961, akiwa na umri wa kama miaka 45, kikatoka kitabu cha James na pichi kubwa, kilichotokana na hadithi alizowasimulia binti zake usiku. Mwanzoni tu mwa kitabu hicho wazazi wa mtoto wanaliwa na kifaru! Ukali ni uleule, mwanangu. Hakuulegeza kwa kuwa msomaji ni mdogo. Wala hakujenga kibanda kingine cha kuandikia: ni kilekile cha bustanini kwake kijijini Great Missenden, Uingereza, kwenye kiti chakavu, ubao umelazwa juu ya mikono ya kiti, penseli na karatasi za manjano. Kitabu chake cha watoto *Matilda* kilitoka mwaka 1988, naye ana miaka 72. Sasa niambie, huyo alishuka lini?

Mwaka 1962 binti yake Olivia alifariki kwa surua, ana miaka saba tu. Miaka 20 baadaye kitabu chake cha watoto *The BFG* kikatoka, na ukurasa wa mwanzo una jina la mtoto huyo. Mtu asiniambie vitabu vya watoto ni kazi nyepesi.

Lakini lipo jambo lililoniuma, na sitakuficha. Katika kitabu cha Charlie na kiwanda cha chokoleti, chapa ya kwanza ya 1964, wafanyakazi wa kiwanda hicho, wenye kimo kidogo, walikuwa watu weusi waliotolewa misitu ya Afrika, ujira wao ni kakao. Watu walilalamika, akawabadilisha katika chapa ya 1973. Na huyu ndiye aliyeishi kwetu na kutusemesha kwa lugha yetu! Aliwahi pia kusema maneno ya chuki juu ya Wayahudi, na mwaka 2020 familia yake ikaomba radhi. Mtu mzima akisoma upotovu wa namna hiyo anaweza kubishana nao. Mtoto wa miaka minane haubishii. Anaumeza, na akijiona humo amedharauliwa, atanyamaza. Nimeziona nyuso hizo darasani.

Kwa hiyo hofu yako igeuze. Usiogope kuonekana mdogo, ogopa kumwandikia mtoto kwa uvivu.

Ukimaliza kurasa za kwanza nitumie hata kabla hujazisafisha. Nitawasomea wajukuu na watoto wa jirani hapa barazani baada ya alasiri, bila kuwaambia ni za nani. Pale watakapoanza kunyofoa nyuzi za mkeka nitaweka alama ya kalamu nyekundu, nikurudishie.

Mama yako