Barua kwa mwanangu: Manley anayewagombanisha wakwe zako

Mwanangu Neema,

Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema kila Jumapili mkienda kula kwa wazazi wa mchumba wako huko Toronto, Wajamaika hao wanagawanyika: mama mkwe wako mtarajiwa anamwita Michael Manley, aliyekuwa waziri mkuu wa Jamaika, mkombozi, shangazi mtu anasema aliifilisi nchi. Unaniuliza nani mkweli, na kwa nini sisi wa rika langu tulimpenda.

Manley hakutoka kwa makabwela. Baba yake, Norman, ndiye aliyeanzisha chama cha PNP mwaka 1938, na Michael akasomea London. Lakini aliporudi nyumbani mwaka 1951 aliingia chama cha wafanyakazi, akazunguka kwenye mashamba ya miwa na migodi ya boksiti, madini ya kutengenezea alumini, akidai mishahara. Huko ndiko alikojifunza kuongea na watu. Kampeni ya 1972 alitembea na fimbo aliyopewa na Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, wakaiita fimbo ya adhabu, na yeye wakamwita Yoshua. Jamaika watu wanaijua Biblia, na Marasta wanamwona mfalme yule kuwa Mungu. Akiinyanyua jukwaani, umati ulisukumana ili uiguse. Mimi hapo naona ujanja wa siasa, na nausifia.

Akashinda. Ikaja elimu bila ada, kisomo cha watu wazima, kima cha chini cha mshahara, likizo ya uzazi yenye malipo. Mwaka 1974 alizitoza kampuni za boksiti za Marekani na Kanada asilimia 7.5 ya bei ya alumini, na serikali ikapata fedha ambazo haijawahi kuziona. Ila kama ningetakiwa kuchagua jambo moja, ningechagua sheria ya 1976 iliyofuta hadhi ya mwanaharamu. Katika nchi ambayo watoto wengi huzaliwa nje ya ndoa, mtoto wa nje akawa na haki sawa na wa ndani. Muulize mama mkwe, taratibu na kwa adabu, kama katika ukoo wao yupo aliyeguswa. Ndipo utajua kwa nini anamtetea hivyo.

Shangazi naye hasemi uongo. Mafuta yalipanda bei tangu 1973, uchumi ukasinyaa karibu kila mwaka, maduka yakakauka. Manley alikuwa na mdomo pia: alisema anayetaka kuwa milionea, ndege za Miami zipo tano kwa siku. Wenye mitaji na wenye taaluma walizipanda, na bila shaka shangazi ana jamaa zake humo. Mwaka 1977 ikabidi apige hodi IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, masharti yakaumiza walewale waliompigia kura, na mwaka 1980 akavunja mazungumzo nao. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo, mamia ya watu walikuwa wameuawa kabla ya kura. Vyama vyote viwili vilikuwa na mitaa yao na magenge yao ya bunduki. Hapo simtetei. Bob Marley aliwashikanisha mikono yeye na mpinzani wake Seaga jukwaani mwaka 1978, na wafuasi wakaendelea kuuana. Seaga akashinda, PNP ikabaki na viti 9 kati ya 60.

Sasa sisi. Mwalimu Nyerere alikwenda Jamaika mwaka 1974, na hao wawili walielewana sana. Mwaka 1980 nchi zetu mbili ziliitisha mkutano Arusha kudai mfumo mpya wa fedha duniani. Sisi tulikuwa kwenye foleni ya sukari na sabuni, tukasikia mtu wa kisiwa cha mbali anagombana na IMF ileile iliyokuwa inagombana na Mwalimu. Ungekuwepo, nawe ungempenda.

Alirudi madarakani mwaka 1989, akauza mashirika ya umma na kulegeza udhibiti wa fedha za kigeni. Wapo wanaomwita msaliti. Mimi nasema alihesabu: aliona Seaga, kipenzi cha Washington, naye ameshindwa, na Moscow haina kitu cha kutoa. Alijiuzulu kwa ugonjwa mwaka 1992, akafariki Machi 1997.

Jumapili mambo yakichacha, ingizeni kriketi. Manley aliandika kitabu kinene cha historia ya kriketi ya visiwa vya Karibi, na nasikia hata waliomchukia wanacho.

Mahari tutazungumza kwa simu.

Baba yako