Mliofika Estonia majuzi, tafuteni kikundi cha maigizo

Wadogo zangu mliofika Tallinn na Tartu mwaka huu, wengi mnaniuliza darasa gani la Kiestonia ni zuri. Darasani nendeni ndiyo, ila mkishaweza salamu na kujieleza kidogo tafuteni kikundi cha maigizo cha mtaani. Siongelei majumba makubwa yenye waigizaji wa mshahara, naongelea watu wa kawaida, nesi, fundi umeme, mwalimu mstaafu, wanaokutana jioni wakitoka kazini kwenye ukumbi wa jamii, wenyewe wanauita rahvamaja.

Kiestonia kina sarufi nzito kweli, nomino inabadilika kwa hali 14 na sauti zina urefu wa aina tatu, lakini kinachowakwamisha wageni wengi ni kwamba ukianza tu kujikongoja watu wanahamia Kiingereza, wanaona wanakusaidia, basi unakaa miaka, unasoma, unafanya kazi, unalipa kodi, na lugha hujaigusa. Kwenye mazoezi ya igizo hiyo haipo. Skripti ni ya Kiestonia na mwenzako anangoja mstari wako ndo aseme wa kwake, ukinyamaza kila kitu kinasimama, na hapo ndo utawajua hawa watu mnaoambiwa ni wakimya na baridi, wanakungoja, wanakunong'oneza neno la kwanza, wanarudia matamshi na wewe mpaka yakae. Na siku usipotokea mtu anakupigia kuuliza uko wapi. Kwa mgeni aliyepitia Desemba ya huku, mchana masaa kama sita tu halafu giza, hiyo simu ni kitu kikubwa sana jamani.

Halafu mjue kwamba maigizo ya ridhaa kwao sio mchezo wa kupoteza muda. Sanaa ya jukwaani ya Kiestonia yenyewe ilianza hivyo hivyo, mwaka 1870 pale Tartu, chama cha waimbaji cha Vanemuine kilipoonyesha igizo la mshairi wao Lydia Koidula, na walioigiza hawakuwa na taaluma hiyo, enzi ambazo wenye mashamba na elimu walikuwa wanaongea Kijerumani na nchi iko chini ya Urusi. Kwa hiyo ukiingia ukumbini kwao na lafudhi yako, unaingia sehemu ambayo wao wenyewe waliitumia kuipa lugha yao heshima, na mimi naamini ndo maana wanakupokea vile.

Sasa namna ya kuanza. Uliza ukumbi wa karibu na unapoishi kuanzia Septemba, vikundi vingi ndo vinarudi mazoezini. Ukiona aibu kuomba nafasi ya kuigiza, omba kubeba vifaa au kushika taa, maana huko nyuma ya pazia ndo kuna Kiestonia cha kweli, "nipe nyundo", "sogeza kushoto", "haraka wanaingia". Ukipewa nafasi, chukua ndogo. Mwombe mwenzako akurekodie mistari yako kwenye simu uisikilize kwenye basi, ule urefu wa sauti hauuoni vizuri kwenye karatasi, lazima sikio lizoee, na kariri pia mstari wa anayekutangulia, sio wako tu, la sivyo utakuwa unajua maneno na hujui yanaingia wapi. Mazoezi yakiisha usikimbilie nyumbani, baki kwenye chai, huko ndo utakutana na Waukraine, na Warusi waliozaliwa huku huku ambao nao wanajifunza, mtaelewana haraka.

Mnaotaka ukaazi wa kudumu au uraia mtadaiwa mtihani wa Kiestonia wa B1, yaani kiwango cha kati, una kuandika, kusikiliza, kusoma na kuongea, kufaulu ni asilimia 60. Igizo halitakufundisha kuandika barua rasmi, hiyo ni ya darasani. Kwenye kuongea ndo utaona tofauti, kwa sababu utakuwa umeshazoea kutoa sauti mbele ya watu bila kujitafsiria kwanza kichwani.

Na wakati wa masika yao, kabla watu hawajatawanyika, muulize mwongozaji mapema kuhusu kiangazi, maana maigizo ya nje yanahitaji mikono mingi na nafasi wanapanga mapema.